Sikio Yangu Ilienda Kabambare

Zaina na wenzake wa garaje yetu ya Kasongo waliniomba niandike vile mutu anasikiliza motere. Mwezi uliopita nilimukabizi Zaina funguo za garaje, sasa nakaa ku nyumba na kuku peke yao njo wananiita bosi, kwa hiyo wakati iko. Shule niliacha mu ya pili sekondari, na shule haikulia. Mukiona sentensi inatoa moshi, mujue motere yake iko ndogo.

Habari ya grade, vyeo vya kazi, sitaandika. Ku garaje yetu grade iko mbili tu: mwenye kushika kle ya kufungulia boluti na mwenye kuitafuta. Nitaandika habari ya sikio, kwani kazi yetu ni sikio, mikono inafuata. Na nitaandika kitu kimoja nilificha miaka kumi. Wale niliwadanganya wanisamehe. Pikipiki zao zilitembea.

Aliyenifundisha ni Muzee Kalonda, fundi wa zamani wa magari ya misioni. Siku ya kwanza nilifika na suruali ya kupigwa pasi, nikataka kufungua motere palepale. Akanionyesha kibao.

"Kaa pale, funga macho."

"Nikifunga macho nitaona nini, muzee?"

"Hapa hatukukuita kuona."

Wiki tatu nilikaa ku ile kibao. Kila pikipiki ilipoingia aliniuliza inasema nini. Ile siku ya kwanza nilijibu, "Inasema brrr." Aliniangalia vile mutu anaangalia nyama iliyolala. Magaribi nilipoamka ku kibao, muguu ikagusa bomba ya moshi, ngozi ikabaki kule. Kalonda akasema hiyo njo diplome yangu, na muhuri iko tayari.

Alafu akanipa turnevisi, bisibisi ndefu ya mupini wa muti. Ncha unaiweka ku motere, mupini unaubana ku mufupa nyuma ya sikio. Unahamisha ncha polepole: hapa supape ya kupitisha hewa, hapa pistoni, hapa sheni, ule munyororo wa ndani. Kila moja iko na sauti yake, sawa na watu wa nyumba moja. "Motere haidanganye," Kalonda alisemaka. "Mwenye pikipiki njo anadanganya." Ni kweli. Mwenye pikipiki atakuapia hakuanguka, na mukono wake umefungwa bandeji.

Kesi moja ngumu ilitoka Lusangi. Pikipiki ya mama moja muuza unga, inatembea vizuri nusu saa, alafu inazimika, inapumuzika, inawaka tena. Mafundi watatu walikwisha kubadilisha karburatere, buji ya kuwashia moto, kila kitu, ilibaki tu kubadilisha mama mwenyewe. Miye nilifungua kifuniko cha tanki ili niangalie kama esansi iko, nikasikia "fsss", kama mutu anavuta hewa baada ya kulia. Ile katundu kadogo ka kupumulia mu kifuniko ilizibwa na unga wa muhogo. Tanki ilikuwa inakosa pumuzi. Nikatoboa na sindano, basi. Mafundi watatu walitumia macho, miye nilitumia sikio. Nilijisifu miezi mbili. Musijisifu hivyo, au mujisifu mwezi moja tu.

Miaka mingi nyuma yake nikaenda Salamabila kama watu wote, ila miye sikuchimba zahabu, nilitengeneza mashini za kusaga majiwe. Siku ya kuondoka Kalonda alinipa furushi ya pamba. "Weka mu masikio kila siku."

Nikamujibu, "Muzee, pamba ni ya maiti."

Miaka sita nilisimama kando ya ile mashini bila pamba, na masikio ikakufa yenyewe. Kwanza sauti za watoto zilipotea, alafu za wanawake, alafu azana. Niliporudi Kasongo kufungua garaje yangu, nilikuwa nasikia ngurumo peke yake, na ngurumo yenyewe ilipashwa kuwa karibu.

Sasa kile nilificha. Fundi kiziwi nani atamuletea pikipiki? Nikatafuta njia. Ile turnevisi nikaacha kuiweka nyuma ya sikio, nikauma mupini na meno. Mutetemo unapanda mu taya, unafika ku kichwa, unajua kama kitu kikubwa kimevunjika. Wateja waliona hiyo ni elimu ya juu. Kuna wengine walianza kuiga, na masikio yao ni mazima kabisa.

Lakini meno haisikii vitu vidogo. Njo Zaina akafika. Alikuwa mujane, mama wa watoto wawili, aliyechoka kuuza mikate ya muhogo mbele ya garaje yangu na kuniona nabahatisha. Siku moja aliacha sinia yake, akaweka kidole kimoja juu ya tanki ya pikipiki niliyokuwa nauma. Nikamuangalia mudomo: su-pa-pe. Nikafungua. Supape kweli. Kumbe ile miezi yote ya kuuza mikate pale alikuwa anasikia motere na majibu yangu, amejifunza yote bila kibao.

Toka ile siku tulifanya hivi: miye nauma turnevisi, nakunja uso kama profesa, Zaina anaweka vidole ku tanki. Kimoja ni supape, viwili ni sheni ya inje, vitatu ni pistoni, vinne ni sheni ya ndani, ngumi ni "mwambie arudi kesho". Miaka kumi wateja walinisifu, na aliyesikia ni yeye. Nilimufundisha mikono yake, hiyo ni kweli. Lakini sikio lilikuwa la kuazima.

Na ku nyumba nilizoea kutikisa kichwa. Mutu akisema na miye, ndiyo, ndiyo. Hivyo njo nilikubali kuwa mushenga wa ndoa nisiyoijua. Nilifika siku ya mahari na ovaroli ya mafuta, wakweze wakaniuliza bwana harusi ni nani, nikatikisa kichwa.

Nilipoanza kuzeeka, kitu kimoja tu kilinisumbua. Nilitaka kuacha kazi, lakini nilitaka kuiacha miye mwenyewe. Sikutaka watu waseme uziwi njo ulimufukuza Papa Amisi. Nilitaka kabla ya kutoa funguo nisikilize motere moja, moja tu, bila kidole cha mutu, na niseme ugonjwa wake, na iwe kweli.

Binti yangu wa kwanza, Salima, aliolewa Dar es Salaam. Yeye njo alisikia kwamba kule waganga wa ospitali wanapasua nyuma ya sikio, wanaingiza kamashini ndani ya mufupa. Wenye kunisaidia waliniomba nisiwataje, siwataje. Nilivuka ziwa, nikapanda gari moshi, nikapasuliwa. Nikadhani nitaamuka nasikia. Apana. Walifunga kidonda, nikarudi kwa Salima kungoja mwezi nzima, kichwa kimenyolewa upande moja kama shamba lililogombaniwa.

Siku ya kuwasha, mama moja wa mitambo alinipachika kipande kingine cha inje. Kiko na sehemu mbili: kamoja kanakaa juu ya sikio, na kengine ka mviringo kananing'inia ku waya na kujishika kenyewe ku ngozi ya kichwa. Akabonyeza ordinatere yake, ile kompyuta. Kitu kikaanza kukwaruza ndani ya fuvu yangu.

Salima akaniandikia ku karatasi: unasikia nini?

"Panya ndani ya kopo," nikasema.

Mama wa mitambo akacheka, akaandika: "Huyo panya ni mimi, mzee. Mpe wiki chache, atageuka mtu."

Akaendelea kunieleza mambo mengi. Panya ikakwaruza, ikakwaruza. Miye nikatikisa kichwa, ndiyo, ndiyo. Tabia ya miaka kumi haitoki na kisu. Kumbe pale njo alikuwa anasema jambo la maana kuliko yote kwa mutu wa kazi yangu: kile kipande kinajishika ku kichwa kwa sumaku.

Nilibaki kule miezi mbili ya kurekebishiwa sauti, nikarudi Kasongo. Bibi yangu Aziza alitaka kujua kwanza habari ya sauti yake.

"Nasemaka namna gani?"

"Kama bati inakatwa."

"Basi urudi kiziwi. Tulipatana vizuri."

Lakini ni yeye njo alinifundisha. Kila asubui alinikalisha mu jikoni, mugongo ukimuangalia, na kupiga kitu kimoja kimoja: kinu ya kutwanga majani ya sombe, sufuria, kifuniko, maji yakimwagika. Nikikosea anarudilia. Mara ya kwanza niliita kinu "ngoma ya jirani", nikaita kuku "mulango". Mvua ikanyesha juu ya bati nikatoka mbio, nikifikiri nyumba inaanguka. Lakini panya ilikuwa inageuka mutu kweli. Wiki ya tano Aziza alinigombeza kwa ajili ya viatu vichafu, na nilisikia maneno yote bila kumuangalia mudomo. Nikamwambia arudilie. Akauliza kwa nini. Nikasema ni matamu. Hakuniamini, akanipa chai.

Ku garaje mambo ilikuwa ngumu zaidi. Motere zote zilisema sauti moja, maharagwe yanachemuka. Siku ya kwanza nilisimama mbele ya pikipiki ya muuguzi moja, nikamukataza Zaina vidole, nikafunga macho vile Kalonda alinifundisha, nikatoa hukumu: supape. Tukafungua, tukapima, supape zilikuwa nzima kama meno ya mutoto. Kilicholia ni plaki ya namba nyuma. Skuru moja imelegea.

Muuguzi akasema, "Papa Amisi, na miye nikupime?"

Nikachukua turnevisi yangu ya zamani ili nirudishe heshima. Nikaweka ncha ku motere, nikapeleka mupini nyuma ya sikio. Kumbe ule mupini wa muti ulikwisha kuoza zamani, tuliweka wa chuma. Kile kipande cha mviringo kikaruka toka ku kichwa, kikajibandika ku chuma, kimya kikanifunika. Nikavuta turnevisi, sikio nzima ikaning'inia mbele ya watu kama samaki ku ndoana. Zaina alikaa chini kucheka. Njo siku nilijua habari ya sumaku. Musikilize na hii: ukiwa na kichwa cha sumaku, usifanye haraka karibu na chuma, na garaje ni chuma nzima.

Zaina alipomaliza kucheka akasema, "Papa, tutafanya kama kibao ya Kalonda. Lakini mara hii miye njo Kalonda."

Tulikuwa na pikipiki moja mukuukuu, mwenyewe aliitupa. Kila asubui Zaina aliiharibu kwa makusudi. Leo analegeza sheni ya inje, kesho anafungua supape kidogo, siku ingine hagusi kitu, ili aone kama nitasema uongo. Miye nakaa mugongo kwake. Majina ya zamani ya zile sauti nikayatupa, hayakunisaidia tena. Nikatunga mapya. Supape iliyolegea: kuku anadonoa bati. Sheni ya inje: mutu anakokota sandali. Sheni ya ndani: punje za mahindi mu kopo, na zinamwagika zaidi ukiachilia gaze, ile ya kuongeza mwendo. Sauti nzito ya pistoni ilinishinda na inanishinda mupaka leo, sitadanganya tena. Lakini zile nyembamba, zenye ziliniacha za kwanza kule Salamabila, zilirudi moja moja.

Sasa niandike siku sikio ilienda Kabambare.

Salumu, motari mwenye kupeleka watu na pikipiki mupaka Kabambare, alikuya tumukazie boluti chini ya kiti. Motere imezimwa. Niliinama, kichwa ndani kabisa, nikakaza, nikatoka, nikamupiga bega aende. Akaenda. Miye nikaendelea kupanga vyombo. Nilisikia kimya, na sikuona ajabu. Miaka kumi nilikaa na kimya nyumba moja, ilirudi na sikuuliza ilitoka wapi. Nilifikiri tu Zaina leo amechoka kusema.

Zaina akanishika mukono, akanionyesha upande wa kichwa yangu. Nikapapasa. Ngozi tupu.

Tulitafuta chini ya meza, mu mafuta, mu muchanga, mu mifuko yangu, mu viatu. Alafu tukaangaliana, tukaangalia barabara. Ile sumaku ilijibandika ku chuma chini ya kiti cha Salumu. Ingine sina. Kama imeanguka mu tope ya njia, basi nimerudi ku vidole vya Zaina, na ile motere yangu moja sitaisikia kamwe. Zaina akapiga simu ya Salumu mara kumi, rezo ya mutandao hakuna. Motari mwingine akamufuata, buji ikamufia njiani, akarudi akisukuma. Ile siku mbili nilitaniwa na kila mutu, na nilicheka na wao, kwani mutu akitaniwa kwa ishara za mikono inapashwa kucheka. Lakini sikula vizuri. Aziza alijua, alinipikia samaki na hakusema kitu, au alisema, sikusikia.

Siku ya tatu Salumu akaingia garaje polepole sana, anaendesha kama mwenye kubeba mayai. Akashuka, akafungua kitambaa safi, sikio iko ndani. Zaina akasema maneno yake ku mudomo ili nisome, lakini nilitaka kwanza kuipachika. Nikapangusa vumbi, nikabadilisha pile, ile betri yake, nikabandika. Panya, alafu mutu.

"Nisamehe kuileta ndani ya kitambaa," Salumu alikuwa anasema. "Nimeitoa sasa hivi, hapa ku kona. Njia yote niliiacha palepale uliiweka."

"Niliweka?"

"Si uliiacha ili usikilize motere ukiwa hapa? Niliiona tulipofika Lusangi. Abiria akasema ni dawa, tuitupe mu mutoni. Nikamwambia apana, hii ni sikio ya Papa Amisi, anafanya kazi. Toka pale nilienda polepole. Sikumutukana mutu hata moja. Ku bariere ya askari nilisalimia." Akajikuna shingo. "Sasa, papa, ulisikia nini?"

Zaina akageuka ku ukuta, mabega yanatikisika. Na miye, jibu ya uongo ilikuya mbio mu mudomo, tamu, ya zamani. Nikaimeza.

"Nilisikia bure, hakuna kitu, Salumu. Ilianguka. Miye nilikuwa kiziwi kama jiwe, siku mbili hizi. Na kabla yake miaka kumi."

Aliniangalia. "Miaka kumi?"

"Zaina njo alisikia."

Salumu akapangusa kiti cha pikipiki. "Nami niliacha kutukana bure," akasema. Alafu: "Basi usikilize sasa. Toka Kabambare iko na kitu inasema."

Akawasha. Zaina akakaribia, akainamisha kichwa, na mukono wake ukaenda ku tanki kwa mazoea. Nikageuka, nikawapa mugongo. "Usinionyeshe. Salumu, ongeza gaze. Achilia. Ongeza. Achilia."

Akiongeza, kuku alidonoa. Akiachilia, kuku hakuwa kuku tena. Ilikuwa mahindi mu kopo, na yalimwagika.

"Sheni ya ndani," nikasema. "Kile chuma cha kuikaza kimeliwa. Na weye?"

"Supape," Zaina akasema. "Papa, ni supape kabisa. Kidole kimoja."

"Tufungue."

Tulifungua motere. Zaina akapima supape kwa kale, kile kibati chembamba cha kupimia, moja, mbili. Akapima tena. Zilikuwa sawasawa. Alafu akatoa chuma cha sheni ya ndani, akakishika ku mwangaza: upande moja kimelika mupaka kimekuwa chembamba kama kucha. Akanipa. Nilikikamata tu, nikakaa ku kibao, na Salumu akauliza kama papa anaumwa.

Zaina alipomaliza kufunga pikipiki na Salumu alipoondoka, niliamuka, nikatoa funguo za garaje mu ovaroli, nikamupa.

"Leo?" akauliza. "Leo njo umesikia, na leo njo unaacha?"

"Leo. Nikingoja kesho nitasema supape na itakuwa plaki ya namba, na watu watasema uziwi njo ulimufukuza."

Aliangalia zile funguo. "Lakini miye nimekosea. Na Salumu ameona. Mwanamuke, amekosea, mbele ya motari. Wateja wataniamini namna gani?"

"Watakuamini, watakuamini," nikamujibu. "Miye waliniamini miaka kumi, mama, na nilikuwa nauma turnevisi."